Jina Lako Katika Wimbo wa Jilala

Kambi ya wakata miwa,
Bonde la Kilombero.
Jumapili ya mwisho ya mwaka.

Baba yangu, Mzee Masalu,

Mwadila, baba. Mwadila, mayu. Shikamooni nyote wawili, na mniwie radhi kwa kuwaamkia kwa karatasi baada ya kimya kirefu namna hii. Mvua imefika Nkoma? Mgongo wako unaendeleaje, baba, na mama jicho lake la kushoto bado linatoa machozi akiwa jikoni? Mimi nipo. Nimekonda kidogo na masizi ya miwa yamenifanya mweusi kuliko chungu, lakini nakula, nalala, na malaria iliyonishika mwezi wa kumi imeniachia.

Najua barua ikifika nyumbani huwa unaisoma kwa sauti, kidole chini ya mstari kama mlivyofundishwa kwenye elimu ya watu wazima, na kabla hujamaliza salamu majirani wameshajaa uani. Nilikuwa nimeandika juu ya bahasha kwamba hii uisome peke yako. Nimeyafuta maneno hayo kwa kalamu, ndiyo maana bahasha imechafuka. Isome kama unavyosoma nyingine zote, na asifukuzwe mtu.

Baba, mwaka huu ulianza vibaya hata kabla mimi sijauharibu. Mvua ilitupa moyo wakati wa kupanda, ikatukimbia wakati pamba inatoa maua, na vitumba vikadondoka tukiviangalia. Ulisema, "Tutapata kidogo, lakini kitakuwa safi," ukaendelea na palizi kama mtu ambaye hakuna kilichomtokea. Mimi sikuwa na utulivu huo. Mazungumzo ya posa kule Lingeka yalikuwa yameshaanza, wazazi wa Minza walikuwa wameshawataja ng'ombe wa mahari wanaowataka, na kila jioni nilipofunga zizi letu nilikuwa nawatazama wale waliomo na kuwafikiria wale waliotajwa, haraka ikanishika.

Ndipo yakaja malori. Unakumbuka zamani ilikuwa chama cha ushirika peke yake, mzani mmoja, na karani aliyeijua pamba ya kila mtu bila kuuliza jina. Safi iliwekwa kwake na fifi, ile yenye uchafu, kwake, na mtu aliyechanganya alirudishwa nyumbani mbele za watu. Mwaka huu tukaambiwa ni soko huria, kila mwenye lori na aje. Wakaja, wakawa wanagombania pamba pale senta kama watu wanaogombania abiria, na makarani wao hawakuwa na muda wa kuangalia ndani ya gunia. Vijana wenzangu wakaanza kuwacheka waliokuwa bado wanachambua. Walisema pamba isiyonyweshwa ni pamba ya mjinga, maana mzani hauulizi uzito umetoka wapi.

Wewe na mama mlipokwenda Maswa kumzika shangazi yako, mliniachia kazi ya kufunga magunia. Nyinyi wawili mlikuwa mmeichambua ile pamba wiki nzima, jani moja moja, mama akiiweka karibu kabisa na lile jicho lake. Mimi nikaitandaza, nikainyunyizia maji tabaka kwa tabaka, nikaikanyaga ndani ya magunia kwa miguu yangu. Kabula, mdogo wangu, aliporudi kisimani aliniuliza maji yote yanakwenda wapi, nikamwambia nafyatua tofali. Akasema, "Tofali ziko wapi?" Nikamfukuza kama mbuzi. Kabula, unisamehe.

Kilichofuata unakijua, ila hujawahi kukisikia kutoka kinywani mwangu. Lori tulilolitegemea halikufika siku iliyosemwa. Mara tairi, mara dereva anaumwa, mara hela zimekwama benki. Magunia yakakaa ndani ya chumba cha bati, jua likiwaka juu. Siku moja niliweka mkono juu ya gunia nikahisi joto la mtu mwenye homa, nikajiambia ni hali ya hewa. Mtoto wa mkulima wa pamba, baba, niliyezaliwa juu ya pamba, nikasahau kwamba ndani ya pamba kuna mbegu.

Siku ile pale kwenye mzani nilikuwa nimesimama upande wa gurudumu la mkokoteni. Karani wao alikuwa kijana wa Mwanza, mwenye miwani nyeusi, na kwa bahati yetu mbaya siku hiyo alikuwa amegombezwa na tajiri wake, kwa hiyo akaamua kuangalia. Akazamisha mkono ndani ya gunia la kwanza mpaka kwenye kiwiko, akautoa haraka. Kiganjani alikuwa na pamba iliyobadilika rangi, inatoa mvuke, na katikati yake vichipukizi vyeupe vimeshajinyoosha vikitafuta udongo. Akainua juu kila mtu aone.

"Namhala, mzee wangu, umeleta pamba au umeleta shamba?"

Watu walicheka, baba. Walicheka mpaka mafahali wetu wakageuza vichwa. Jilala, manju wa ngoma, alikuwa kwenye foleni nyuma yetu na mzigo wake mwenyewe. Alicheka akaegemea gunia, halafu akaanza kutikisa kichwa polepole vile anavyofanya akiwa anakamata maneno.

Wewe hukucheka wala hukukasirika. Ulisogea ukatia mkono wako mwenyewe ndani ya gunia, ukakaa nao humo kidogo, kisha ukanitazama. Mara moja tu. Nilikuwa na maneno mdomoni, baba. Yalikuwa machache sana, mtoto mdogo angeweza kuyasema. Nikatazama gurudumu.

"Nimefunga mimi," ulimwambia karani. "Vijana hawahusiki."

Karani akasema, "Mzee mzima!" Ukasema, "Ndiyo, mzee mzima." Ukaanza kupakia magunia yaliyokataliwa, mimi nikakusaidia upande wa pili, na hatukutazamana tena.

Tukaipita shule. Nilikuwa nangoja unipige. Ningefurahi kama ungenipiga. Ukasema, "Mimi nimeshaoa, Maduhu. Wewe bado." Ukamgusa fahali wa kulia na fimbo, tukaendelea. Hayo ndiyo maneno yako yote juu ya jambo lile tangu siku hiyo. Mama aliyaanika yale mabaki juu ya mawe, akayapiga fimbo, akashonea godoro, na sijui kama ulimwambia ukweli au mama aliujua mwenyewe kwa kunitazama ninavyokula.

Sasa nikuambie kitu ambacho naona aibu kukiandika kuliko hata yale maji. Pale kwenye mkokoteni, uliposema maneno yale, moyoni nilishukuru. Sikusikia uchungu wowote wakati ule, nilisikia nafuu. Nilijiambia, mzee amemaliza, Minza ni wangu. Uchungu ulikuja baadaye, na ulikuja kwa mguu wa ngoma.

Mavuno yalipoisha, ngoma zikaanza, na Jilala alikuwa anashindana na kundi la upande wa pili ambalo mwaka uliopita lilimnyang'anya watu wote uwanjani. Alihitaji wimbo. Mimi na wewe tulikuwa tumempelekea kwa mkokoteni. Hakuna mtu wa Nkoma asiyeujua sasa, lakini nauandika hapa kwa sababu nimeukimbia vya kutosha:

Masalu ng'ombe zake zina kiu,
Masalu pamba yake imekunywa,
imekunywa imeshiba imelala,
imeamka imeota kwenye gunia.
Masalu, leta jembe tupalilie gunia lako!

Ni wimbo mzuri, hilo ndilo baya lake. Mguu haukatai. Siku ya kwanza wimbo ulipoimbwa, wewe ulikuwa umekaa mahali pako pa siku zote, na watu wote wakageuka kukuangalia, maana aliyeimbwa akikasirika uwanjani ndipo anapomalizwa kabisa. Ukapiga makofi. Ulifuata mdundo wao bila kukosea, mwanzo mpaka mwisho, uso umetulia. Mimi nilikuwa nyuma ya wachezaji, nikawa napiga makofi na wengine, kwa sababu nisingepiga wangeniuliza nina nini.

Kesho yake mama alikwenda kisimani, na mwanamke mmoja akamuuliza, "Leo unachotea watu au unachotea pamba?" Mama alirudi na ndoo nusu. Kabula ndiye aliyeniambia. Watoto wakaacha kukuita babu, wakaanza kukuita Mnywesha. Nawe ukawa unaitika.

Hata hapo bado nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikaenda Lingeka. Baba yake Minza alinikaribisha vizuri kuliko siku zote, akachinja kuku, na tulipokwisha kula akaniwekea mkono begani. Akasema, "Pole sana, kijana. Wimbo umefika mpaka huku. Wazee wengine wakizeeka tamaa inawashika, wewe usione aibu. Sisi tumekuchagua wewe, hatukumchagua baba yako."

Baba, nilimjibu, "Asante." Mdomo wangu huu. Minza alinisindikiza mpaka kwenye mnazi ule wa mipaka, mnaouita hivyo ingawa ni mkoche, akaniambia na yeye pole. Alikuwa na huruma ya kweli machoni. Nikatembea njia yote ya kurudi nikiwa nimebeba pole mbili zisizokuwa zangu, na nilipofika nyumbani ukaniuliza, "Wamesemaje huko?" Nikasema wamekusalimu.

Ndiyo maana niliondoka. Niliwaambia nakwenda kutafuta hela kwenye miwa, na watu wakanisifu kwamba kijana anakwenda kuihangaikia mahari yake. Nilikuwa nakimbia makofi yako.

Maisha ya huku ni magumu, na sitayapamba ili mnionee huruma. Miwa inachomwa moto jioni, asubuhi tunaingia na mapanga ikiwa bado ina joto, masizi yanaingia puani na machoni, na majani makavu yanachana mikono. Tunalala wengi chumba kimoja. Rafiki yangu ni Mpogoro mmoja anaitwa Kasiani, mcheshi, anayeogopa ng'ombe kuliko chatu, na tangu ajue mimi ni Msukuma amekuwa akiniuliza kila siku kwa nini nimekuja bila mifugo. Kiwanda kinasemekana kimepata mwekezaji, na kila wiki yanabandikwa ubaoni majina ya watu wanaopunguzwa. Tunakaribia ubao ule kama watu wanaokwenda kuangalia maiti.

Mwezi huu msimamizi mpya alitukusanya wote akasema mambo ya zamani yamekwisha, sasa kila mfanyakazi lazima awe na malengo. Akataka kila mmoja asimame aseme lengo lake la mwaka unaokuja. Mmoja akasema bati, mwingine cherehani ya mke, Kasiani akasema lengo lake ni kutopunguzwa, watu wakacheka. Zamu yangu ilipofika nikasema baiskeli. Msimamizi akasema vizuri sana. Nilikaa chini nikiwa nimechoka ghafla, kwa maana kabla ya hapo lilikuwa limeshatokea jambo la Ifakara, na lengo langu nilikuwa nalijua, na baiskeli haikuwemo.

Nikueleze la Ifakara, halafu nitamaliza.

Jumamosi moja baada ya malaria nilikwenda na Kasiani sokoni kununua chumvi na sabuni. Wasukuma ni wengi siku hizi bonde hili, wameshuka na ng'ombe wao kutafuta majani, na wenyeji hawawapendi sana. Tukapita kwenye kibanda cha muuza kanda, amening'iniza redio kaseti mpya zile zinazoingia sasa kwa wingi, na nikasikia ngoma. Nikaijua kabla ya maneno. Halafu maneno yakaja. Sauti ya Jilala, makofi ya watu, na jina lako, baba. Pale Ifakara, katikati ya vitunguu na samaki wakavu, unaitwa ulete jembe.

Muuzaji alikuwa Mngoni, hajui hata neno moja la Kisukuma, lakini alikuwa anacheza mabega. Akasema, "Hii ya Bariadi, huko Usukumani, inatoka kama maandazi. Wachunga ng'ombe wananunua wanarudia." Kasiani akafurahi. "Maduhu, hii si lugha yenu? Anasemaje?"

Watu kadhaa wakageuka kunisikiliza. Nikasema, "Anamsifu mzee mmoja tajiri. Anasema mzee huyo ana ng'ombe wengi na pamba nyingi, mpaka magunia yanaota majani."

Nyuma yangu mtu akacheka. Alikuwa mama mtu mzima, amejifunga kanga mbili, ameweka mbele yake maziwa ya mgando kwenye vibuyu. Akanisalimia kwa Kisukuma nikaitika, kisha akasema kwa Kiswahili ili na wengine wasikie, "Kijana, umewadanganya wenzako. Huyo mzee hasifiwi, anachekwa." Akawaeleza maana yote. Kasiani alicheka akashika mbavu.

Yule mama, wenzake walikuwa wanamwita Mayu Holo. Hakucheka tena. Akanitazama akaniuliza, "Wewe ni wa wapi?"

"Maswa," nikasema.

"Huyo Masalu wa Nkoma unamfahamu?"

Baba, sikufikiri. Jibu lilikuwa tayari, limelala mlangoni. Nikasema, "Simfahamu."

Akatikisa kichwa. "Mimi nimezaliwa jirani na Nkoma. Nilipokuwa msichana baba yangu alikuwa akipeleka pamba chama, na kulikuwa na kijana anaitwa Masalu, pamba yake ilikuwa inawekwa mbele ili wengine waone. Mume wangu ameinunua kanda hii, naisikia kila siku, na kila siku nasema haiwezekani. Kama ni Masalu yule, basi wamemsingizia. Na kama ana watoto, sijui wanaishije wakisikia hivi." Akafunika kibuyu chake. "Basi, nilidhani labda unamfahamu."

Mtu baki, baba, ambaye hajakuona tangu ukiwa kijana, alisimama upande wako katikati ya soko la watu. Na mimi niliyekula mkononi mwako nilisema sikufahamu. Nilinunua chumvi, nikasahau sabuni, na njia nzima Kasiani alikuwa anaimba ule wimbo kwa maneno aliyoyabuni mwenyewe, akikosea kila kitu isipokuwa jina lako.

Wiki iliyofuata nilirudi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia Mayu Holo mimi ni nani. Mahali pake palikuwa na mwanamke mwingine anauza ndizi, akasema wale wachungaji wamehama, wameshuka na mifugo yao kusini zaidi. Nilizunguka soko mpaka likafungwa. Nilielewa siku hiyo kwamba maneno yale hayana mahali pengine pa kusemewa isipokuwa kule yalikozaliwa, na kwamba mtu anaweza kukata miwa mpaka azeeke bila kuyapunguza.

Kwa hiyo hili ndilo lengo langu la mwaka unaokuja, nililoshindwa kumwambia msimamizi. Narudi Nkoma. Najua Jilala hutunga nyimbo zake wakati wa palizi, akilima na vijana wake, ili zikifika ngoma ziwe zimeshazoeleka mdomoni. Nitamfuata shambani kwake akiwa na kundi lake lote, nitaomba nishike jembe mstari mmoja na wao, na tukifika mwisho wa tuta nitamwambia ni nani aliyeinywesha ile pamba. Nitamwambia atoe jina lako aweke langu. Halafu ngoma zikianza nitasimama katikati ya uwanja, mahali ambapo kila mtu ananiona, wimbo uimbwe nikiwa pale, na nitapiga makofi mpaka mwisho kama ulivyopiga wewe. Jilala hatakataa. Mwana aliyemwacha baba yake aimbwe ni wimbo mkubwa kuliko ule wa kwanza, na yeye si mtu wa kuacha chakula kama hicho kipite.

Sijui watu wataniitaje. Sitegemei kuchekwa tu. Najua kwetu mtu akifanya hivi kwa mzazi wake vijana wanaweza kumsusa, asialikwe kulima, wasije kumlimia. Waninyime. Nitalima peke yangu. Najua pia utasema nimeiharibu bure kazi uliyoifanya, kwamba ulibeba ili nisibebe. Baba, haikuwa bure. Ila mzigo ule sikuutua hata siku moja, na wewe pia hukuutua, kwa hiyo tulikuwa tunaubeba wawili na kusema unabebwa na mmoja.

Minza nimemwandikia barua yake leo hiihii, kabla ya hii. Nimemweleza yote, na nimemwomba amwambie baba yake kwamba ile pole aliyonipa mwenye nayo ni wewe. Nimemwambia yuko huru. Kuandika sentensi hiyo kumenichukua karatasi tatu. Nampenda, baba, sijawahi kukuambia hivyo kwa sababu kwetu hatuambiani. Kama watawarudisha njiani wazee wetu wa posa, naomba usimlaumu yeye wala baba yake, na usiende Lingeka kunitetea. Kama atanikubali nikiwa nimeimbwa, basi hapo nitajua amenikubali mimi.

Na pamba. Naamini mmepanda, japo sijui mvua ikoje. Niachieni palizi ya upande wa mawe, ule unaoumiza mgongo wako. Nikijaliwa kuvuna, nitachambua safi na fifi hata kama lori zima limejaa pamba ya watu wasiochambua, na kwenye mzani nitafungua gunia mwenyewe kabla hajaniambia mtu.

Nisalimieni bibi mzaa mama, mwambieni dawa yake ya kifua naileta. Msalimieni mjomba anayetuazima plau, na mkewe anayetukana kwa upendo. Nisalimieni katekista jirani yetu, mwambieni nimesali mara chache kuliko nilivyomuahidi. Kabula amsalimie mwalimu wake, na yeye mwenyewe aandike barua yake nione mwandiko umefikia wapi. Mama, wewe sina salamu ya kukutosha. Nikifika nitakwenda kisimani na wewe, ndoo kichwani kama msichana, na atakayeuliza nachotea nini nitamjibu mimi.

Usihangaike kujibu, baba. Barua hii inaondoka na basi la Jumanne, mimi nikishalipwa tu naifuata. Nitapanda treni Morogoro nishuke Malampaka, na kutoka pale Mungu atanipa lori au miguu. Usije kunipokea. Nataka nipite senta peke yangu, mchana, watu wakiwepo.

Jambo moja tu nakuomba, na nakuomba kwa magoti. Siku nitakaposimama uwanjani kwa Jilala, utakuwa umekaa mahali pako, na nakujua, utaanza kuinuka. Usiinuke. Usiseme neno. Safari hii nyamaza wewe, niseme mimi.

Mwanao,

Maduhu Masalu.